Kuvumbika Viazi Shambani, na Kuuzima Moto Wake

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kuvumbika viazi. Najua wako watakaocheka na kusema, "Bwana shamba leo kakosa la kusema. Kuvumbika kiazi hata mtoto anayechunga mbuzi anajua." Ni kweli, mtoto anajua. Lakini yako mambo mawili ambayo mtoto huyo hayajui, na sisi watu wazima mara nyingi tunayasahau. La kwanza, ni kwa nini kiazi kimoja hutoka motoni kitamu kama kimetiwa asali, na kingine hutoka kimeungua nje na ndani ni kibichi. La pili, ni kitu gani kinachobaki pale chini baada ya sisi kula, kushiba na kwenda zetu. Mambo haya mawili yanatokana na kitu kimoja, nacho ni majivu.

Hebu kwanza tuangalie majira yetu. Hapa Katavi mvua huanza kama mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Viazi vitamu tunavipanda kwenye matuta wakati mvua zimekwisha kolea, na kuanzia mwezi wa Mei tunaanza kufukua. Kazi hiyo huendelea Juni, Julai, hata Agosti. Sasa tazama, miezi hiyohiyo ndiyo ya kiangazi. Ukianzia Mpanda mjini, ukaenda Nsimbo, ukashika njia ya Mlele mpaka Inyonga, au ukateremka Mpimbwe, au ukaelekea Mishamo na Karema kwenye Ziwa Tanganyika, kote huko nyasi zimekauka na majani ya miombo yamelala chini kama karatasi. Kwa hiyo, ndugu mkulima, wakati wa kuvumbika viazi ndio wakati wa hatari ya moto. Hatuwezi kulizungumzia moja tukaliacha la pili.

Kwa nini basi tuvumbike, tusichemshe nyumbani? Sababu ziko. Watu wanaofukua viazi huondoka alfajiri. Shamba liko mbali, sufuria imebaki nyumbani, na maji ya kunywa ni yale ya kwenye kidumu. Saa sita ikifika, njaa inauma. Hapo viazi viko, kuni ziko, na udongo uko. Tena kuna viazi vilivyokatwa na jembe. Kiazi kilichokatwa hakifai kuwekwa, kwa sababu jeraha lake huoza upesi, na uozo huo huenda kwa wenzake. Hakifai pia kupelekwa sokoni, maana mnunuzi hakitaki. Basi hicho ndicho cha kuliwa kwanza. Viteue viazi vyako mara tatu: vizima ni vya kuweka na kuuza, vilivyokatwa vikubwa ni vya michembe au vya chungu cha jioni, na vile vilivyochubuka kidogo tu ndivyo vya kuvumbika mchana huo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Nilipokuwa kijana, mgeni katika kazi hii, nilikaribishwa na wakulima waliokuwa wakifukua viazi. Nikataka kuonyesha kuwa mimi si mtu wa ofisini tu. Nikawasha moto mkubwa, nikatupa viazi katikati ya miali. Baada ya robo saa nikavitoa. Nje vilikuwa vyeusi kama mkaa, na nilipovivunja, ndani vilikuwa vigumu vinatoa utomvu. Mama mmoja mwenye shamba alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe unakichoma kiazi kama hindi. Hindi linataka kukaa juu ya makaa. Kiazi kinataka kulala ndani ya majivu. Uache moto ufe kwanza." Nikasema, "Haya, mama." Alivumbika vyake taratibu, na tulipokula nilijua kuwa siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.

Alilolisema mama yule lina sababu yake. Kiazi kitamu kina wanga mwingi. Ndani yake pia kimo kimeng'enya, yaani kitu kinachougeuza wanga kuwa sukari. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri kiazi kikiwa cha moto lakini bado hakijafikia joto la maji yanayochemka, hasa kati ya digrii 60 na 75 hivi. Kiazi kikikaa katika joto hilo kwa muda mrefu, wanga mwingi hugeuka sukari. Kikipita hapo haraka, kwa sababu ya moto mkali, kimeng'enya hufa kabla hakijamaliza kazi.

Akina mama wanaopika togwa wanalijua jambo hili vizuri. Uji ukishaiva, huachwa upoe kiasi, ndipo hutiwa kimea. Ukitia kimea katika uji unaochemka, togwa halipati utamu wake, kwa sababu umekiua kimea. Kiazi ni hivyohivyo, ila kimea chake kimo ndani yake mwenyewe. Kazi yako ni kukipa joto la polepole. Na kitu kinacholeta joto la polepole ni majivu. Majivu hayapitishi joto upesi. Ukiweka makaa juu na majivu katikati, moto hufika kwenye kiazi kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Basi, ndugu mkulima, tufuate hatua moja moja.

Kwanza, kiazi. Chagua viazi vinavyolingana, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Ukichanganya vikubwa na vidogo, vidogo vitaungua na vikubwa vitabaki vibichi. Pangusa udongo kwa mkono au kwa majani makavu. Usimenye, wala usikate ncha zake. Ganda ndilo sufuria yake, ndilo linalozuia majivu yasiingie. Kama unaweza kusubiri, viazi vilivyokaa kivulini siku nne mpaka saba baada ya kufukuliwa huwa vitamu kuliko vilivyotoka ardhini siku hiyo.

Pili, mahali. Chagua mahali palipokwisha kufukuliwa, penye udongo mtupu. Fyeka na kufagia nyasi na majani yote kuzunguka mahali hapo, hatua tatu au nne kila upande. Usiwashe chini ya mti, wala kwenye kisiki, wala karibu na mzinga wa nyuki. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, yaani kiasi cha kutoka ncha ya vidole mpaka karibu na kiwiko cha mtoto mkubwa. Shimo hulinda moto usipeperushwe na upepo, na halitumii kuni nyingi. Na kabla hujawasha, hakikisha una maji karibu. Kama huna maji, nitakueleza baadaye la kufanya.

Tatu, moto. Tumia kuni kavu zilizoanguka zenyewe. Hakuna haja ya kukata mti kwa ajili ya viazi kumi. Usiwashe kwa mfuko wa plastiki, kipande cha tairi au mbao iliyopakwa rangi, maana moshi wake una sumu na utaingia katika chakula chako. Acha kuni ziungue mpaka miali iishe kabisa na ubaki na makaa mekundu yenye majivu meupe juu. Hii huchukua kama saa moja. Wengi wetu tunashindwa hapa. Njaa inatuhimiza, nasi tunaweka viazi kabla ya wakati. Washa moto saa nne na nusu wakati kazi inaendelea, na saa tano na nusu makaa yatakuwa tayari.

Nne, kuvumbika. Sogeza makaa pembeni kwa kijiti kirefu. Tandaza majivu ya moto chini, unene wa vidole vitatu. Panga viazi juu yake bila kugusana. Vifunike kwa majivu, tena unene wa vidole vitatu. Sasa rudisha makaa juu ya majivu hayo. Kiazi kisiguswe na kaa hata kimoja. Kisha rudi kwenye kazi yako.

Tano, kungoja. Kiazi cha ukubwa wa ngumi huchukua dakika 45 mpaka saa moja. Usikichokoe kila mara. Kila ukifukua, joto linatoka, nawe unaanza upya. Katikati ya muda huo geuza mara moja tu. Mwisho, choma kwa kijiti chembamba. Kikiingia mpaka kati bila kukwama, kiazi kimeiva. Kitoe, kipige-pige kidogo majivu yaanguke, ukiache kipumzike dakika kumi. Ukikivunja utaona mvuke, na karibu na ganda utaona umajimaji mzito wa rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo sukari iliyofanywa na moto wa polepole.

Sasa mtu wa Mpanda mjini ataniuliza, "Na mimi niliye na jiko la mkaa uani, sina shamba wala shimo, je?" Wewe nawe unaweza. Washa mkaa, uache uwe mwekundu wote, kisha uusogeze upande mmoja wa jiko. Weka wavu juu. Viazi viweke upande usio na mkaa, uvifunike kwa sufuria kuukuu iliyopinduliwa ili joto lisitoke. Vigeuze kila baada ya robo saa. Kwa muda wa saa moja hivi vitakuwa tayari. Njia hii inafaa sana kwa viazi mviringo, vile vinavyoletwa kwetu kutoka nyanda za baridi kama Ufipa na Mbeya. Vyenyewe havina utamu wa sukari, uzuri wake ni kuwa na unga laini ndani. Vioshe, vikaushe, vitoboe kwa uma mahali panne au patano ili mvuke upate njia, uvipake mafuta kidogo na chumvi. Vikiiva, vipasue katikati, weka maziwa mgando, au kachumbari, au chochote ulicho nacho.

Njia nyingine nitakayowaeleza inatoka mbali sana, katika milima ya Andes huko Peru, ambako ndiko kiazi mviringo kilikoanzia kulimwa. Wakulima wa huko nao huvuna wakati wa kiangazi chao, Juni na Julai, nao hula viazi palepale shambani. Wao huokota mabonge ya udongo makavu yaliyotokana na kufukua, wakayajenga kama kichuguu kidogo chenye uwazi ndani na mlango mmoja. Huwasha moto ndani mpaka mabonge yapate moto sana. Kisha huondoa makaa, huingiza viazi, halafu huyabomoa mabonge yakaanguka juu ya viazi na kuyapondaponda. Joto la udongo peke yake huviivisha. Wao huita njia hiyo huatia. Nimewaeleza kwa sababu mabonge ya udongo kwetu yako tele, na udongo ule hufanya kazi ileile ya majivu, yaani kutoa joto polepole. Atakayejaribu asitumie mawe ya mtoni badala ya mabonge. Jiwe lililonyonya maji likipata moto hupasuka kwa kishindo na linaweza kumtoboa mtu jicho.

Ndugu mkulima, kabla ya kuja kwenye kuzima moto, yako mambo ya afya ambayo lazima niyataje.

La kwanza ni zuri. Ukiweza, panda viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo tunaviita viazi lishe. Mbegu zake zilizoenea Tanzania ni pamoja na Kabode, Mataya, Kiegea na Ejumula. Rangi ile ni kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupambana na maradhi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania alikuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Kiazi lishe kimoja cha wastani, kiasi cha gramu 125, chaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima. Kazi ya kuzalisha na kueneza viazi hivi ilipewa heshima kubwa duniani mwaka 2016, wataalamu wake watatu walipokuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mmoja wao ni jirani yetu wa Uganda, Robert Mwanga.

Sasa, kuvumbika hakuharibu sana rangi hiyo, kwa sababu ganda linakilinda kiazi. Kinachoiharibu zaidi ni jua na kukaa muda mrefu. Michembe na matobolwa ni akiba nzuri ya njaa, lakini kila mwezi unaopita ghalani hupunguza vitamini. Kwa hiyo wakati wa mavuno, mpe mtoto kiazi kibichi kilichotoka shambani ukakiivisha, usingoje cha kukausha. Na mpe pamoja na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huingia mwilini ikisaidiwa na mafuta. Karanga zilizopondwa zinatosha. Mawese ya mwambao wa Tanganyika yanatosha. Parachichi pia linatosha.

La pili ni la kuangalia. Kiazi chenye fukusi, kile chenye vitundu na harufu kali, ni kichungu hata kikivumbikwa namna gani. Uchungu ule ni sumu ambayo kiazi hujitengenezea kikiliwa na mdudu. Sehemu hiyo usile, wala usimpe ng'ombe, maana humletea ugonjwa wa mapafu. Kwa viazi mviringo, angalia rangi ya kijani. Kiazi kilichokaa juani kikawa kijani kina sumu, na moto hauiondoi. Kitupe.

La tatu ni kubwa zaidi, nalo nawaomba mliseme kwa watoto leo usiku. Watoto wakikosa viazi huvumbika mihogo. Muhogo mtamu hauna neno. Lakini muhogo mchungu haufai kuvumbikwa ukiwa mbichi kabisa. Sumu yake hutoka kwa kuloweka na kukausha, siyo kwa kuchoma. Wilaya ya Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri walipata ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, na ugonjwa huo ukishaingia hauponi. Muonyeshe mtoto shina la muhogo mchungu, umwambie, "Huu si wa kuchezea."

Na la nne, kwa wakulima wa tumbaku na pamba. Kopo la dawa ya wadudu lisigeuzwe kuwa jiko, wala wavu, wala chombo cha kuchotea maji ya kuoshea viazi, hata kama umelisugua kwa mchanga mara saba. Litoboe ili lisitumike tena, na umuulize bwana shamba wako pa kulipeleka.

Sasa tumekula, tumeshiba. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Nilisema kuwa majivu huachia joto polepole. Sifa hiyo ndiyo iliyokiivisha kiazi chetu. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayohifadhi kaa. Kaa lililofunikwa kwa majivu halifi. Linalala. Bibi zetu walilijua hili, ndiyo maana usiku walifunika moto kwa majivu ili asubuhi wasiende kuomba moto kwa jirani. Asubuhi walipepea kidogo tu, moto ukaamka. Shambani anayepepea ni upepo wa mchana.

Nilipata kufika katika kijiji kimoja cha mkoa huu siku mbili baada ya moto. Vijana walikuwa wamevumbika viazi pembezoni mwa shamba. Walipomaliza walifukia moto kwa udongo, wakaamini wamefanya vema, wakaenda nyumbani. Usiku ulipita salama. Kesho yake mchana upepo ulivuma, udongo ukapasuka, kaa likapata hewa, nyasi zikashika. Moto ulipanda kilima mpaka msituni. Mzee mmoja alikuwa na mizinga ya magome na ya magogo aliyoitundika kwa miaka mingi. Alinichukua tukaenda kuiona. Iliyobaki ilikuwa kamba na majivu. Akaniambia, "Bwana shamba, nyuki watarudi mvua zikinyesha. Mizinga je, nani atanichongea?" Sikuwa na jibu. Vijana wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, walifanya kazi siku nzima, na walidhani udongo unazima moto.

Udongo hauzimi moto, ndugu mkulima. Muulize yeyote aliyechoma mkaa. Tanuri la mkaa hufunikwa kwa udongo, na ndani yake moto huendelea siku nyingi, hata wiki nzima. Basi kama udongo unautunza moto wa tanuri, utauzimaje moto wa viazi? Unaufunika tu macho yako yasiuone.

Namna ya kuzima ni hii. Usimwage maji yote mara moja. Mwaga kidogo, kisha koroga majivu na makaa kwa kijiti mpaka chini kabisa. Mwaga tena, koroga tena. Vipande vikubwa vya kuni vigeuze, uvimwagie upande wa chini. Endelea mpaka usisikie tena sauti ya "shii". Halafu weka mgongo wa mkono wako karibu na majivu, usiyaguse kwanza. Kama unasikia joto, bado. Kama husikii, yaguse. Yakiwa baridi mpaka ndani, hapo moto umekufa. Kwa shimo dogo la viazi, nusu debe la maji hutosha.

Na aliye mbali na maji, je? Huyo afanye mojawapo ya mambo mawili. Ama asiwashe moto, achukue viazi vyake avivumbike nyumbani jioni kwenye majivu ya mafiga. Ama, ikiwa lazima awashe, akimaliza ayatawanye makaa juu ya udongo mtupu, moja moja, yasirundikane. Kaa lililo peke yake hupoa upesi, kaa lililo na wenzake huishi. Kisha akae hapo mpaka yote yapoe. Akae kweli, siyo kukaa kwa maneno. Kama wako watu sita, mmoja abaki, watano waendelee na kazi. Saa moja ya mtu mmoja ni rahisi kuliko mizinga ya mzee, na ni rahisi kuliko mahindi ya jirani ambayo bado yamesimama shambani.

Majivu yakishapoa kabisa siku ya pili, usiyaache. Yatawanye shambani, kwa sababu yana potashi, chakula ambacho viazi hukipenda, nayo hupunguza uchachu wa udongo. Maganda uliyomenya wape mbuzi. Hivyo hapatabaki kitu cha kupotea.

Kwa kumalizia, ndugu mkulima, turudie kwa ufupi. Vumbika viazi vilivyochubuka na jembe, uuze vilivyo vizima. Fagia mahali, chimba shimo, weka maji karibu. Acha miali ife, ndipo uweke viazi. Majivu chini, majivu juu, makaa juu ya majivu, na usichokoe. Mpe mtoto kiazi lishe pamoja na karanga. Muhogo mchungu usivumbikwe kamwe. Na mwisho kabisa, zima kwa maji, koroga, gusa kwa mkono. Kama majivu bado ni ya moto, kazi ya siku hiyo bado haijaisha, hata kama jembe liko begani.

Kesho, utakapokwenda shambani na vijana, usiwaachie wao peke yao kazi ya kuzima. Simama nao, mkono wako uwe wa mwisho kugusa majivu. Wakikuona ukifanya hivyo mara mbili tatu, watafanya wenyewe hata siku usipokuwapo.

 Nakutakieni mavuno mema na kiangazi cha salama.